Mhariri, ghorofa zinapanda Dodoma lakini nani anauliza chini kuna nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata, ila hii naomba mniachie tu, hata ikila nafasi ya tangazo moja si mbaya.

Kila tetemeko likipita hapa kwetu au kwa majirani habari ni ileile, ukubwa wake kwa Rikta, kitovu kiko wapi, waliokufa wangapi, mkuu wa mkoa katoa pole, wataalam wanatukumbusha tukimbilie sehemu ya wazi. Wiki haijaisha tumeshahamia kwenye mpira. Sijaona mwandishi akiuliza kitu ambacho mimi kwa kazi niliyoifanya ndio naona cha kuulizwa kwanza, kwamba hizo nyumba zilizoanguka zilikuwa zimekaa juu ya nini, na zile za mtaa wa pili zilizobaki zimesimama zilikuwa juu ya nini. Watu wanajibu haraka haraka eti zilijengwa vibaya, fundi kaiba simenti. Sawa, fundi anaiba simenti, hilo halina ubishi. Lakini mafundi wanaiba simenti mji mzima, sasa mbona tetemeko linachagua mtaa?

Mimi ni mstaafu, nilikuwa nachimba visima vya maji kwa rigi, ile mashine ya kutoboa ardhi, Dodoma, Singida, Manyara, kidogo na Tabora. Sio mjiolojia wa chuo, ila nimekaa nao saiti muda mrefu mpaka lugha yao naielewa, na ishu ya matetemeko nimeifuatilia sana kwa kusoma tangu lile la Kagera la Septemba 2016.

Kwa wasiojua kazi ilivyo, rigi ikiwa inachimba, kompresa inapuliza hewa chini na zile chenga za udongo na mwamba zinarushwa juu pembeni ya shimo. Msaidizi anazikinga kila mita au kila mita tatu kutegemea na mkataba, anazimwaga chini kwa mstari, vichungu vichungu, cha kwanza mpaka cha mwisho. Ukitembea pembeni ya ule mstari unaisoma ardhi kama ilivyo. Kiwanja kimoja unakuta kichungu cha kwanza udongo mwekundu, cha pili kokoto za kuoza, cha tatu tayari ni unga wa kijivu wenye vimeta, hiyo ni granaiti, biti, kile kichwa cha kutobolea, inaanza kulia na kasi inashuka. Sasa shuka na mtaa huohuo kuelekea bondeni, wala sio mbali, mahali unamwona jirani yake akianika nguo: mfinyanzi mweusi wa mbuga, mfinyanzi tena, mchanga wa njano umelowa, mfinyanzi wa kijani unaonata kwenye viatu, mchanga tena, unafika mita 40 bado mwamba hujauona na inabidi uweke kesingi, yaani bomba la kushikilia kuta za shimo, maana shimo linajibomokea. Mwenye kiwanja anakuja na gari, swali lake ni moja tu, "maji yapo?" Ukimwambia yapo anafurahi, anatoa soda, na ile mistari ya vichungu vijana wanaifukia kwa chepe ili sehemu ipendeze. Miaka michache baadae unapita pale unakuta lodge ya ghorofa tano, na aliyechora ramani hajui kabisa kwamba chini ya ile lodge kuna mita 40 za tope na mchanga, wakati lodge ya jirani yake mlimani imekaa juu ya jiwe. Kwenye faili la kibali nyumba zote mbili zinafanana.

Basi hapo ndipo tetemeko linapochagulia.

Wimbi la tetemeko likisafiri kwenye mwamba mgumu linakwenda mbio na mtikisiko wake ni mdogo. Likiingia kwenye udongo laini linapunguza mwendo, sasa ile nguvu iliyokuja nayo haiwezi kupotea hivihivi, kwahiyo mtikisiko unakuwa mkubwa. Hiyo ni moja. La pili ndio baya zaidi, kwamba bonde lililojaa udongo lina kuta na lina sakafu ya mwamba, wimbi likiingia linagonga sakafu linarudi juu, linagonga ukuta huu linarudi ule, halitoki. Dereva yeyote wa boza la maji anaijua hii, boza likiwa nusu ukifunga breki gari linasimama lakini maji bado yanakwenda mbele na kurudi nyuma na yanaendelea kulisukuma gari. Ndio maana kwenye bonde tetemeko linakuwa kubwa na pia linachukua muda mrefu, mlimani watu wameshatulia wanaulizana kama umesikia, bondeni bado vyombo vinadondoka.

Mfano ambao kila mtu anayesoma mambo haya anaanza nao ni Mexico City. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilipiga pwani ya Pasifiki, mji wenyewe uko mbali karibu kilomita 400, yaani ni kama litokee Dar likaue Dodoma. Na ndicho kilichotokea, maelfu ya watu walikufa kule mjini. Sababu ni kwamba katikati ya Mexico City pamejengwa juu ya ziwa la zamani lililokaushwa, chini ni mfinyanzi laini ajabu, una maji mengi kuliko udongo wenyewe. Vipimo vilivyokuwepo siku ile vilionyesha kwamba kwenye chuo kikuu chao, ambacho kiko juu ya mwamba wa volkano, mtikisiko ulikuwa wa kawaida, na kwenye kituo kilichokuwa juu ya ule mfinyanzi mtikisiko ulikuwa karibu mara nne hadi tano ya huo. Mji mmoja, tetemeko moja, dakika ileile.

Alafu angalieni majengo yaliyoanguka. Hayakuwa vibanda. Nyumba nyingi fupi za zamani za pale katikati zilibaki, yaliyolala chini kwa wingi ni ya ghorofa 6 mpaka 15 hivi. Kwa sababu udongo ule ulikuwa unakwenda na kurudi mara moja kila sekunde 2, na jengo nalo lina mwendo wake wa kuyumba. Mainjinia wana kanuni ya haraka haraka, chukua idadi ya ghorofa gawanya kwa kumi unapata sekunde, ghorofa kumi ni kama sekunde moja. Jengo likianza kupasuka linalegea na sekunde zake zinaongezeka, basi likifika kwenye zile sekunde za udongo wanaanza kuyumba pamoja na kila yumbo linaongezea lililotangulia. Jengo fupi linayumba haraka kuliko udongo kwahiyo halishikwi. Jengo refu sana linayumba polepole, nalo linaweza kupona. Yale ya katikati ndio yanakamatwa.

Miaka 32 baadae, tarehe ileile ya 19 Septemba (hii ni bahati mbaya tu jamani, msianze mambo ya nyota), mwaka 2017, likaja lingine la 7.1, safari hii kitovu kiko karibu zaidi na mji. Watu zaidi ya 200 walikufa mjini humo na ramani ya maafa ikabadilika, wengi walioumizwa safari hii walikuwa kwenye majengo mafupi kidogo, upande wa pembeni ya ziwa la zamani ambapo udongo sio wa kina sana. Chanzo kingine, umbali mwingine, mawimbi ya namna nyingine, na udongo ukachagua majengo mengine. Kwahiyo hata kusema "eneo hili baya, lile zuri" haitoshi, inabidi useme baya kwa jengo gani na kwa tetemeko litokalo wapi.

Sasa niingie kwenye mipasuko, zile nyufa ndefu za mwamba chini ya ardhi, maana watu wanadhani kazi ya mpasuko ni kutetemesha tu. Mpasuko hai unafanya kazi mbili. Kwanza ndio unaoteleza na kutoa tetemeko. Pili, na hili huwa halisemwi, ndio unaolichimba bonde lenyewe, upande mmoja unashuka, upande mwingine unabaki juu, kidogo kidogo kwa maelfu na mamilioni ya miaka, na ile sehemu iliyoshuka inajazwa na mchanga na tope linaloletwa na mito. Matokeo yake ni bonde ambalo ukingo wake mmoja hautelemki taratibu, ni ukuta wa mwamba uliosimama wima chini ya ardhi, juu huoni kitu, unaona tu shamba tambarare limefika mpaka kwenye mguu wa mlima.

Huo ukuta ndio ulioiua Kobe. Januari 17, 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, Japani, ukubwa kwa hesabu ya kimataifa 6.9, watu zaidi ya 6,400 walikufa. Walipochora ramani ya nyumba zilizoanguka wakakuta ukanda mwembamba, upana wake kama kilomita moja na urefu zaidi ya kilomita 20, umepita katikati ya mji ukifuata mlima. Kila mtu akafikiri basi mpasuko umepita hapohapo chini ya ule ukanda. Haukupita. Mpasuko uko pembeni, kwenye mguu wa mlima Rokko ambao ni granaiti tupu, na kuanzia hapo ule mwamba unazama ghafla zaidi ya kilomita moja kwenda chini, juu yake pamejaa mashapo, yaani mchanga na tope lililoletwa na maji. Wakakaa wakapiga hesabu na ikaonekana kwamba mawimbi yaliyopanda moja kwa moja kupitia udongo na mawimbi mengine yaliyoingilia pembeni kwenye ule ukuta yalikutana, na yalikutana mahali palepale, mita mia kadhaa kutoka ukingoni, yakajumlishana. Ukanda wenyewe ulikuwa na watu wengi wenye nyumba za zamani za mbao na mapaa mazito ya vigae. Yaani wale waliokaa juu kabisa ya mguu wa mlima, karibu zaidi na mpasuko, wengine walipata nafuu kuliko waliokaa mbele yao kidogo bondeni. Ukiwa na ramani ya mpasuko peke yake, hilo usingelijua kamwe.

Haya, turudi nyumbani.

Mtu wa Dodoma anayekunywa maji ya bomba anakunywa maji ya mpasuko. Visima vya Makutupora, kule Mzakwe, ambavyo vimeulisha mji huu tangu miaka ya 1950, viko kwenye bonde ambalo limekatwa na mipasuko, mwamba wa granaiti umevunjika na kuoza kwenda chini, juu pakajaa mashapo na mfinyanzi wa mbuga, maji ya Kinyasungwe Ndogo yakishuka msimu wa mvua yanapata pa kuingia na pa kukaa. Bila ile mipasuko Dodoma isingekuwa na maji ya kutosha hata mji wa reli wa enzi ya Mjerumani. Ukienda magharibi ndio unaona wazi kabisa, ukitoka Bahi kwenye yale majaruba ya mpunga unaelekea Manyoni, unakutana na mlima wa Saranda, barabara inapanda na reli inapanda, ukifika juu ni tambarare tena. Huo sio mlima, ni ngazi, upande wa Bahi umeshuka. Wanasayansi wa kwetu na wa nje walioipima mipasuko ya huku wameipa na majina, Saranda, Bubu, Makanda, Hombolo na mingine, na wanaihesabu kwamba ni hai, ni mkia wa Bonde la Ufa unaotoka Natron na Manyara unakuja kuchanika vipande vipande Kondoa, Chenene, Bahi na hapa Dodoma. Novemba 2002 lilipiga la kama 5.5 huku kwetu, waliokuwepo wanakumbuka. Na wanaosema nchi hii haina matetemeko makubwa wakasome la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, ukubwa wa 7.4, moja ya makubwa kabisa Afrika karne ile. Kenya nao walipata la 6.9 Subukia mwaka 1928 na ardhi ikachanika juu kwa kilomita kadhaa. Mwaka 2005 Ziwa Tanganyika likatoa la 6.8, nyumba zikaanguka Kalemie, upande wa Kongo. Desemba 2009 Karonga ya Malawi, hapo tu ng'ambo ya Kyela, yakapiga mfululizo mpaka ardhi ikapasuka na mchanga uliolowa ukatapika maji juu.

Ukiuliza mbona 1910 hatukusikia maafa makubwa, jibu ni rahisi, kulikuwa na nini cha kuanguka? Nyumba za miti na majani. Hata hapa Ugogoni tembe la udongo lilikuwa fupi, limebebwa na nguzo za miti (dari lake zito hilo silisifii, likikuangukia limekuangukia).

Sasa naomba mnisikilize kwa makini hapa maana ndio sababu ya kuandika. Kuna hesabu moja ndogo ambayo mtoto wa kidato cha pili anaiweza. Chukua kina cha udongo laini mpaka kwenye mwamba, zidisha kwa nne, gawanya kwa kasi ya wimbi kwenye huo udongo, unapata sekunde ambazo udongo wako unayumbia. Mexico ni kama mita 40 na kasi kama mita 80 kwa sekunde, utapata 2, ndio zile zile. Sasa chukua bonde la kawaida tu, mfano, sisemi kiwanja cha mtu, mita 10 za udongo wenye kasi ya mita 200 kwa sekunde, utapata sekunde 0.2, hiyo ni nyumba ya ghorofa mbili. Mita 30 kwa kasi ileile, sekunde 0.6, ghorofa sita. Mita 60 kwa kasi ya 250, inakaribia sekunde moja, ghorofa tisa kumi.

Mmeona? Dodoma ya CDA, ile mamlaka ya zamani ya kuustawisha mji mkuu, Dodoma ya miaka yote tuliyoijua, ilikuwa mji wa nyumba za chini. Bonde lenye mita 30 au 60 za udongo lilikuwa halina wa kumshika, nyumba zilikuwa fupi mno kwake. Tangu serikali ihamie huku kuanzia 2016 mji unapanda juu, ghorofa nne, sita, nane, kumi, kila ukipita kuna kreni. Yaani tunaacha urefu ambao mabonde yetu hayaujali tunaingia kwenye urefu ambao yanaupenda, na tunafanya hivyo bila hata kujua bonde lipi lina mita ngapi. Tetemeko ambalo 2002 lilipasua kuta za nyumba za chini na kutisha watu, likirudi na ukubwa uleule litakuta mji mwingine kabisa.

Watu wataniambia magorofa yanapimwa udongo. Ndio, yanapimwa, na nimeshachimbia hao wapimaji. Wanashuka mita kadhaa, wanagonga, wanachukua sampuli, wanatoa ripoti kwamba udongo utabeba tani kadhaa kwa eneo kadhaa na msingi uwe wa namna hii. Hilo ni jibu la swali la uzito. Jengo halitazama, safi. Swali la mtikisiko ni lingine, linataka ujue mwamba uko chini kiasi gani na kati hapo kuna nini, na ukiishia mita 10 au 15 kwenye bonde la mita 50 hujalijibu. Msingi ukiwa imara namna gani bado umekaa kwenye kitu kinachoyumba.

Wengine watanitajia Bukoba. Ile ya Septemba 10, 2016, ndio hilohilo la Kagera, ukubwa 5.9, watu zaidi ya 15 walikufa na nyumba nyingi sana zikaanguka, na shule ya Ihungo iliumia vibaya wakati iko mlimani. Sasa udongo laini uko wapi hapo? Swali zuri, na jibu ni kwamba sijasema udongo ndio kila kitu. Jengo la zamani la mawe au matofali lisilo na mkanda wa nondo kuzunguka kuta litaumia popote pale, na vilele vya milima navyo vina tabia yake ya kukuza mtikisiko. Na upande mwingine Kathmandu ya Nepal, ambayo nayo imekaa juu ya ziwa la zamani, tarehe 25 Aprili 2015 ilipopigwa na lile la 7.8, watu karibu 9,000 walikufa nchini lakini mjini penyewe nyumba fupi zilipona kuliko wataalam walivyohofia, kwa sababu bonde lile liliyumba polepole mno, kama sekunde 4 au 5 kwa yumbo moja, nyumba za ghorofa tatu halikuzikamata sana. Bonde linaweza hata kukusitiri. Lakini utajuaje kama hujalipima?

Na kulipima sio gharama ya kutisha, hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Njia ya kwanza tayari tumeshailipia. Kila kisima kinachochimbwa kihalali kina ripoti ya kukamilisha, inaandikwa mita hii mpaka hii udongo gani, mwamba umekutwa wapi, maji yamekutwa wapi, na ripoti zinatakiwa kwenda kwenye Bodi za Maji za Mabonde. Dodoma na viunga vyake vimetobolewa kila kona, visima vya shule, vya makanisa, vya misikiti, vya lodge, vya watu binafsi, vile vya mji vya Makutupora na vya Nzuguni. Ukizikusanya zile ripoti ukaziweka kwenye ramani moja, kina cha mwamba kila mahali, unapata sura ya bonde lilivyo chini, ukingo uko wapi, wapi mwamba unazama ghafla, na makao makuu ya taasisi ya jiolojia ya taifa, GST, yako hapahapa Dodoma, hawahitaji hata posho ya kusafiri. Tatizo ni kwamba ripoti zingine zimeandikwa kihuni. Nimeona kwa macho yangu mchimbaji anajaza fomu usiku gesti, "0 mpaka 20 udongo, 20 mpaka 80 mwamba", basi, kwa sababu mteja anataka maji na hakuna anayesoma ile karatasi. Ikianza kusomwa itaanza kuandikwa vizuri, binadamu ndio tulivyo.

Njia ya pili, kuna kifaa kidogo cha kusikiliza mtikisiko wa ardhi, unakibeba kwa mkono, unakiweka chini kiwanjani, unakiacha nusu saa bila kuchimba wala kulipua kitu. Kinasikiliza tu zile kelele ndogondogo za magari, upepo, mawimbi ya mbali, na ukichakata data unapata udongo wa pale unapenda kuyumba kwa sekunde ngapi. Wenzetu duniani wameshazungukia miji mizima hivyo. Timu ya vijana wawili watatu wa chuo na pikipiki wanaweza kupima kata nzima kabla semesta haijaisha, na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wako hapo juu wanatuangalia. Usiku ni bora zaidi, bodaboda zimepungua.

Nikipewa nafasi ya kuomba, naomba hili moja lifike kwa wanaotoa vibali vya ujenzi hapa jijini na makao makuu mengine ya mikoa yaliyokaa kwenye Bonde la Ufa, na wenzetu wa Bujumbura kwenye tambarare ya Ruzizi na Kyela nao wajisikie wametajwa: kwenye fomu ya kibali cha jengo kuanzia ghorofa nne wekeni mistari miwili, kina cha mwamba chini ya kiwanja, na sekunde za udongo wa pale. Injinia akishaona zile sekunde zinafanana na za jengo lake ana njia nyingi, aongeze kuta za zege, abadilishe urefu, apunguze uzito wa juu, aongeze nondo kwenye maungio. Hiyo ndio kazi aliyosomea, mpeni namba afanye. Saa hizi tunamfanya akisie. Na wale wenye mashule na hospitali, hao nisingesubiri waombe kibali kipya, ningeanza kuwapima waliopo, kuanzia waliokaa kwenye zile tambarare nzuri zinazoishia mguuni mwa mlima, maana Kobe waliopenda tambarare kama zile ndio waliozikwa.

Kwa mwananchi wa kawaida anayetafuta kiwanja sasa hivi, usilipe kwanza. Zunguka mtaa tafuta mwenye kisima, muulize walipochimba mwamba waliukuta mita ngapi na kesingi iliingia mpaka wapi. Akisema kesingi iliingia ndefu na shimo lilikuwa linabomoka, sio kwamba ukimbie, jenga, ila jenga chini, nyumba ya kawaida yenye mkanda wa nondo juu na chini, bati jepesi, na ndoto ya kuongeza ghorofa hapo juu mbele ya safari ukae nayo meza moja na injinia kwanza. Vijana wengi wa rigi wanakumbuka visima walivyochimba kuliko wanavyokumbuka siku zao za kuzaliwa, waulizeni, hawatozi kitu, labda soda.

Mchimba visima mstaafu,
Dodoma.